Mzee wa Upenyo

Sijui alizaliwa wapi, na nilipokuwa na nafasi ya kumuuliza sikumuuliza. Wengine walisema ni mtu wa Mahenge, wengine wakasema wa upande wa Mlimba. Yeye mwenyewe aliongea Kipogoro na Kindamba kwa namna iliyowafanya wenye lugha zote mbili wadai kuwa ni mwenzao. Mimi nilimjua kama mzee wa baraza, mmoja wa washauri wawili waliokaa na hakimu katika mahakama ya mwanzo pale Ifakara, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga nami nikiwa karani. Mshauri wa pili alikuwa mwanamke, tukimwita Mama wa Baraza. Wawili hawa walikuwa na ubishi mmoja tu na waliubeba kila walikokwenda: mtu huiba kwa nini, na afanyweje asiibe. Nauandika ubishi huo kwa sababu siku moja maisha ya kijana mmoja yaliwekwa juu yake, na kwa sababu mzee hakutaka kufa kabla hajajua nani kati yao alikuwa sahihi.

Katika mahakama yetu mshtakiwa wa wizi alipewa nafasi ya kujieleza, na watu wa bonde letu wakipewa nafasi hiyo hawana haraka. Huyu atasema alipitiwa na shetani. Yule atasema ni marafiki, mwingine ni pombe, mwingine ataanza na kifo cha baba yake na kufika kwenye kuku aliyeibwa wakati jua limeshahama dirisha. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, viganja vyote viwili juu ya kichwa cha fimbo yake. Wakimaliza aliuliza swali lake lilelile, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia ya kwenda sokoni.

"Sawa, mwanangu. Ulipitia wapi?"

Mshtakiwa alibabaika. Alijiandaa kueleza roho yake, sasa anaulizwa habari za dirisha. Lakini mzee hakumwachia. Alitaka kujua ua ulikuwa na tundu kiasi gani, mbwa alikuwa wapi, jirani wa kushoto huwa anarudi saa ngapi, kufuli lilikuwa la aina gani na lilining'inia vipi. Kufuli lenyewe likiletwa kama kielelezo, alilichukua akalipapasa kwa vidole polepole huku amefumba macho, kama mama anayechagua nazi. Hakimu alikohoa. Nilidhani ndiyo mbinu yake ya kazi na nikaiheshimu.

"Shetani hana mikono," aliniambia siku moja nilipomuuliza kwa nini hataki habari za roho. "Angekuwa nayo ungemwandikia hati ya wito aje hapa. Huyu aliyekuja ni mtu, na mtu hupita mahali. Pazibe hapo, uone shetani atafanya nini."

Alikuwa askari magereza mstaafu. Alihamahama sana kazini, na habari za magereza hakuzipenda. Alichobaki nacho ni buti zake, alizozipaka rangi kila Jumapili, na hicho alichokiita elimu yake. Alikuwa amesimamia wafungwa mashambani kwa miaka mingi, na kwa kuwa kusimama juani kunachosha, aliwauliza wezi maswali. Alisema aliwauliza wote jambo moja: kabla hujaingia ndani ya nyumba ile, ulifikiria nini?

"Hakuna aliyeniambia alifikiria kifungo. Hakuna, binti karani. Walifikiria mbwa. Walifikiria taa, na kikongwe asiyelala. Sasa wewe mwongezee miaka uone. Hahesabu miaka yule, anahesabu macho."

Hapo ndipo watu walipomkosea. Walidhani askari wa zamani atapenda kufunga watu, na walioibiwa walifurahi wakimwona barazani. Kumbe alikuwa mgumu kwa milango na mlaini kwa watu. Aliyeacha dirisha wazi akaibiwa, akaja kulia mahakamani, alikaripiwa na mzee kabla ya mwizi mwenyewe. Nimewahi kumwona mlalamikaji akitoka pale ameinamisha kichwa, huku mshtakiwa akimtazama kwa huruma.

Asubuhi kabla ya mahakama alipita mtaani. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Aligonga nguzo za ua wa matete kwa fimbo kusikia kama zimeoza. Alimwambia mwenye nyumba ahamishe rundo la kuni lililoegemea ukuta, kwa kuwa ni ngazi hilo. Banda lililoachwa bila paa lilimkosesha raha. Alisema nyumba moja mbovu ikiachwa hivyo, watu huanza kutupa taka hapo, kisha vijana huanza kunywea hapo, kisha mambo mengine hufuata yenyewe. Alisumbua ofisi ya mtaa hadi wakalibomoa. Watoto walimwita Mzee wa Upenyo, wakikimbia baada ya kuita, naye alijifanya kukasirika.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ili awe karibu na baiskeli za waumini zilizoegemezwa nje. Padri alipomtania kwamba Mungu anaona kila kitu, alijibu kwamba analijua hilo, ila hajasikia baiskeli iliyorudishwa na malaika.

Na sasa mnisaidie kulielewa hili, maana mimi sijaweza. Mtu huyuhuyu, mwenye makufuli matatu kwenye mlango wa mbele wa nyumba isiyo na kitu, hakuwa na mlango kabisa kwenye jiko lake la uani. Palikuwa na kipande cha gunia tu. Ndani ya jiko kulikuwa na chungu cha wali karibu kila jioni, na wapita njia walijua. Nilimuuliza. Alikuna kidevu akasema, "Mwizi wa chakula si wa kwangu. Huyo ni wa Mama."

Mama wa Baraza alikuwa na banda la chakula karibu na stesheni ya reli, wali na kambale, na siku za mahakama alimwachia mdogo wake masufuria akaja barazani na harufu ya vitunguu. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, mnene, mcheshi, mwenye jicho la kumpima mtu kwa jinsi anavyokula. Naye alikuwa na swali lake. Mzee akimaliza madirisha yake, Mama alisogea mbele.

"Mwanangu, na kabla ya hapo, ulikuwa unamtazama nani?"

Kwa swali hilo nilidhani ni mmoja wa wale wanaosema umaskini ndio mwizi. Nilimwambia hivyo siku moja, nikijiona nimeelewa, akanikata kauli.

"Umaskini gani? Sisi wote hapa maskini. Wewe karani una nini, mbona huibi? Njaa haiibi redio, mwanangu. Njaa inaiba muhogo. Anayeiba redio amemwona mwenzake na redio, mwenzake wa jana, waliyekuwa wanagawana naye muhogo. Hapo ndipo panapouma."

Alisema mtu haumizwi na tajiri wa mbali asiyemjua. Huumizwa na jirani aliyekwenda kwenye mashamba ya miwa akarudi na viatu. Na humwibia jirani huyohuyo, ambaye naye ni maskini, ndiyo maana Mama hakuwa na subira na wanaowatetea wezi. Aliwahi kuja mgeni mmoja wa semina, akatueleza kwamba wizi utakwisha siku watu wote watakapokuwa sawa. Mama alinyoosha mkono akauliza mpaka siku hiyo nani atamlindia kuku wake. Mzee alicheka hadi fimbo ikaanguka. Ilikuwa mara chache sana wawili hao kuwa upande mmoja.

Baada ya mahakama walikwenda bandani kwa Mama kunywa chai na kubishana, nami nikafuata, kwanza kwa ajili ya vitumbua, baadaye kwa ajili ya ubishi wenyewe. Mzee akisema zibeni upenyo, Mama alijibu kwamba ukiziba huku mwizi atahamia mtaa wa pili, umemhamishia jirani yako mzigo. Mama akisema vijana wapewe nafasi, waitwe kwenye mikutano, wawe na kitu chao mtaani, mzee alijibu kwamba hiyo ni kazi ya miaka, na mlango unavunjwa leo. Mimi nilimwamini aliyeongea mwisho. Nilikuwa na umri wa kuamini hivyo, na hata sasa nikiwakumbuka hainijii haraka nani wa kumpa kura.

Anayelijua bonde letu anajua kwamba mpunga ukianza kutoa masuke, mji unahamia mashambani. Ndege hawangoji mtu, nguruwe pori pia. Familia zinafunga nyumba mjini, zinakwenda kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kutwa nzima hadi mavuno. Safu nzima ya nyumba inabaki na kuku na kikongwe mmoja. Wezi nao wana kalenda. Mwaka ninaousema nyumba zilikuwa zimevunjwa msimu uliotangulia, na watu walikuwa wamechoka. Katika mkutano wa mtaa wengine walitaka sungusungu, wengine walisema waziwazi kwamba atakayekamatwa hatafikishwa popote, ni tairi na mafuta ya taa.

Mzee alisimama akasema ana dawa isiyo na damu. Nyumba isionekane tupu. Kila familia inayoondoka iache nguo zimeanikwa kwenye kamba, ndala mlangoni, na majivu mapya mbele ya jiko. Mwizi akipita aone kuna watu. Ilikuwa rahisi, haikumgharimu mtu kitu, na watu walimpigia makofi. Mama peke yake alinuna. Alisema ameona vijana wamekaa nyuma ya mkutano kwenye mawe, na hakuna aliyewauliza wao wanaonaje.

Watu wakaenda shambani. Mtaa ukabaki na mashati na kanga kwenye kamba, ndala zimepangwa, ungedhani kuna sherehe. Kila asubuhi mzee alipita akigusa makufuli, akaridhika, akaja mahakamani. Na nyumba zikavunjwa. Zilivunjwa nyingi kuliko mwaka uliotangulia, tena kwa mpangilio, bila kukosea hata moja yenye mtu ndani. Mzee alikonda. Na Mama, ambaye kwa kawaida angemtania, alimsogezea kitumbua tu.

Kijana alikamatwa kiwanjani, kwenye mechi ya Jumapili, akiwa amevaa raba mtoni nyeupe ambazo kila mtu alizijua. Zilikuwa za kijana mwingine anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, aliyeziacha nyumbani kwao pamoja na redio kaseti. Baba wa mwenye raba alirudi kutoka dunguni akakuta mlango umeng'olewa. Polisi walimwokoa mshtakiwa kabla watu hawajapata tairi, naye akaletwa kwetu na shavu limevimba. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mrefu, mwenye kuangalia chini. Uani mwa mahakama watu walijaa, na walikuwa wamekuja na fimbo.

Alikiri. Hakusema shetani wala pombe. Mzee akasogea mbele.

"Ulipitia wapi, mwanangu?"

"Mlangoni, mzee."

"Ulijuaje hakuna mtu? Kulikuwa na nguo kwenye kamba."

Kijana aliinua macho kidogo. "Nguo ndizo zilizonionyesha, mzee. Mvua ilinyesha usiku na mchana, hazikuanuliwa. Penye mtu, mvua ikianza wanakimbilia kamba. Pale nguo zilikuwa zinalowa tu. Mtaa mzima ilikuwa hivyo. Mimi nilikuwa napita tu naangalia zilizolowa."

Kicheko kilianzia dirishani kikaenea hadi uani. Hata hakimu aliinamia karatasi zake. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nashangaa jambo moja: mzee huyu alipita pale kila asubuhi, masika yamepamba moto, ilikuwaje asione nguo zinazochuruzika maji mbele ya uso wake? Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kicheko mpaka kikaisha.

"Ahsante," akamwambia kijana. "Umenifundisha. Upenyo ulikuwa mimi."

Kisha Mama. "Na ulikuwa unamtazama nani?"

Kijana aliitazama miguu yake, hakimu akataka kuendelea, Mama akamzuia kwa kiganja.

"Mwenye raba," akasema kijana. "Tumeamia ndege dungu moja tangu tuko wadogo. Alivyorudi na zile raba, Jumapili ile kiwanjani, wote walimpa yeye mpira. Mimi ndiye ninayejua mpira, mama. Yeye hajui."

"Kwenu mna chakula?"

"Kipo, mama. Mchele upo."

Mama alimgeukia mzee. "Umesikia? Wa njaa angeuza. Huyu alivaa."

Katika mahakama ya mwanzo uamuzi ulikuwa wa kura, hakimu moja na wazee kila mmoja yake. Tulipoingia chumba cha nyuma, hakimu, mtu mwema mwenye kufuata kitabu, alisema kifungo. Mama alisema aachiwe kwa masharti, raba na redio zimeshapatikana, apewe kazi ya kulinda nyumba hizohizo msimu ukiendelea, na kila familia imtolee debe la mpunga wakivuna. Hakimu alisema kijana huyo akitoka kwenye mlango ule bila pingu atauawa. Kila mtu alijua ni kweli, tulikuwa tunawasikia. Kwa hiyo kura ya mzee ndiyo iliyobaki.

"Kumpa mwizi mtaa mzima ni kumpa fisi bucha," mzee alisema.

"Basi mfunge," Mama akamjibu. "Mfunge, akakae na walimu wenyewe. Atarudi hapa anajua kufungua hayo makufuli yako yote matatu."

Mzee alisugua fimbo. Kisha akasema, "Ataishi kwangu. Funguo za nyumba atazishika, nami nitamshika yeye. Mbele ya macho yangu hawezi kuiba. Hilo nalijua kuliko ninavyojua sala. Akiiba, na mimi nitoke barazani."

Na ndivyo ilivyoandikwa. Tukio la kutoka nje sitalisahau. Mzee alimtaka kijana atangulie, akamwekea mkono begani, ule mkono wa askari, vidole vimezama kwenye shati. Wakatokea mlangoni. Watu walisogea na fimbo zao, wengine wakipiga kelele kwamba mzee amehongwa. Yeye alitazama mbele moja kwa moja, hakumtazama mtu, hakukwepa mtu. Nadhani ndicho kilichowatisha. Walishuka ngazi polepole. Kwenye ngazi ya mwisho kijana alikanyaga chini kwa kishindo, watu wakaguna kwamba hata sasa ana kiburi. Lakini hakuna aliyemgusa aliyeshikwa na mzee yule. Njia ilifunguka wakapita.

Msimu huo hakuna mlango mwingine uliovunjwa kwenye safu ile, na misimu iliyofuata pia. Familia zilitoa madebe yao, nyingine kwa kununa. Kila asubuhi ungemwona kijana akitangulia na kitita cha funguo kiunoni, akipiga mluzi, na mzee nyuma yake na fimbo, hadi mahakamani. Watu walisema mzee anamchunga mfungwa wake wa mwisho. Nilikubaliana nao.

Ubishi, badala ya kufa, ulinenepa. "Umeona macho?" mzee alimwambia Mama juu ya chai. "Nimemkalisha mahali pa wazi. Haibi." Mama naye alijibu, "Macho yako au madebe yetu? Umeona anavyosalimiwa sasa? Juzi wamemwita kwenye mkutano akasimama akaongea, amevaa ndala. Amevaa ndala na amempinga mwenye raba mbele ya watu." Walibishana hivyo misimu kadhaa bila kuchoka. Walikuwa na ushahidi mmoja na kila mmoja aliuvutia upande wake.

Kisha nikahamishiwa Mlimba. Mama wa Baraza alifariki nikiwa huko, ghafla, akiwa bandani kwake, nikafika kuzika nikarudi na treni ya jioni. Siku ya maziko nilimwona mzee kwa mbali tu. Nilipopata likizo ya kweli, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikwenda kumsalimia. Hakuwa barazani tena. Alikuwa kibarazani kwake, buti zimepakwa rangi, na mboni zake zote mbili zimefunikwa weupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti karani. Sauti yako haijazeeka. Kaa hapa, nina kesi moja imebaki."

Nilikaa. Akaniambia kwamba siku ile ya kijana wa raba alikuwa tayari haoni. Mwanga aliuona, na kivuli, lakini mtu hakumjua mpaka aongee. Ilianza miaka miwili kabla ya hapo. Alinyamaza kwa sababu alijua wangemtoa barazani, na bila baraza hakujua angeamka asubuhi kufanya nini. Nikakumbuka vidole kwenye makufuli, na kichwa kilichoinama akisikiliza kicheko. Nikakumbuka zile nguo zilizolowa ambazo alizipita kila siku. Niliona aibu kwa niaba yetu sote tuliokaa naye chumba kimoja.

"Sasa sikiliza," akasema. "Miaka yote nilimwambia Mama ni macho yangu yaliyomzuia kijana. Kama kijana hakujua kwamba sioni, nilikuwa sahihi: aliogopa macho, basi. Kama alijua, hakuna alichoogopa, na Mama alikuwa sahihi, na sikumpa haki yake akiwa hai. Nenda kamuulize. Mimi atanijibu kwa heshima. Wewe atakujibu kweli."

"Na ukijua itakusaidia nini, mzee?"

"Itanisaidia kujua," akanijibu kwa ukali kidogo.

Kijana alikuwa mtu mzima sasa, fundi baiskeli kwenye barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu. Nilimkuta amepindua baiskeli, anakaza spoku. Nilimuuliza bila kuzunguka. Aliendelea kukaza hadi gurudumu likanyooka.

"Nilijua siku ileile, dada. Kabla hatujamaliza ngazi za mahakama."

"Ulijuaje?"

"Mkono wake. Nyie mlidhani amenikamata. Ulikuwa unatetemeka begani kwangu, na kila ngazi aliitafuta kwanza kwa mguu. Ya mwisho akawa hajui kama ipo. Nikapiga mguu chini kwa nguvu asikie kwamba zimeisha."

"Na hukukimbia?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa semina. "Ningekimbia angeanguka. Mbele ya watu wote wale."

Nikamuuliza na baadaye je, nyumba zote zile, funguo kiunoni, na mlinzi wake haoni. Akacheka. Akasema hatanidanganya, mwanzoni alifikiria sana. Lakini kila asubuhi ilibidi amfikishe mzee mahakamani bila mzee kujua kwamba anafikishwa. Alitangulia akipiga mluzi ili mzee aufuate. Penye shimo alisimama akijifanya anafunga ndala.

"Hiyo kazi ilikuwa ngumu, dada. Ilinimaliza akili yote. Na mtaani mwetu hakukuwa na mtu mwingine ambaye mimi nisipoonekana anajikwaa."

"Na mpunga je?"

"Mpunga niliupenda," akasema, akageuza baiskeli ikasimama.

Nilirudi kwa mzee jua likiwa bado juu, nikamweleza kila neno, mluzi na ndala na kishindo cha ngazi. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza washtakiwa, viganja juu ya fimbo. Jikoni kipande cha gunia kilikuwa kinapepea.

"Kwa hiyo si macho," akasema.

"Si macho, mzee."

"Wala si madebe ya Mama."

"Alisema aliyapenda. Lakini hapana, si hayo hasa."

Akatikisa kichwa. Sikumwona akihuzunika. Uso wake ulikuwa na ule wepesi niliouzoea barazani, wa mtu aliyeonyeshwa tundu kwenye ua alioukagua mwenyewe.

"Mtaa huu niliuziba wote," akasema. "Hilo lililomzuia lilipitia wapi?"

"Begani, mzee," nikamwambia.

Baadaye kidogo aliegemeza fimbo ukutani, akainuka, akanyoosha mkono hewani akiutafuta upande wangu. Nikasogeza bega, tukaingia ndani, na kwenye kizingiti nilikanyaga kwa kishindo.